Kipimo cha kisukari cha watoto kianzie kwa mgonjwa, si kwa panya

Kwa zaidi ya miaka 40 watafiti wa kisukari aina ya kwanza wamemtegemea panya mweupe aitwaye NOD, aliyezalishwa Japani na kutangazwa mwaka 1980. Kinga ya mwili wake huzigeukia seli za kongosho zinazotengeneza insulini, naye huugua bila kuchomwa sumu yoyote. Ndiyo maana hutumika pia kusaka viashiria vya damu vya kumtambua mgonjwa mapema. Kazi hiyo, kwa maoni yangu, inamzidi. Panya hawa wamezalishwa ndugu kwa ndugu hata vinasaba vyao vinakaribia kuwa kitu kimoja, na kadiri vizimba vinavyokuwa safi ndivyo wanavyougua kwa wingi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba ukiwaambukiza kichocho, wanaougua kisukari hupungua sana. Sasa mnyama huyo atatuambia nini kuhusu mtoto anayekulia kando ya Ziwa Victoria, kichocho kilikojaa tele?

Kingamwili, ambazo ndizo viashiria vinavyopimwa hospitalini leo, zilianza kuonekana mwaka 1974 huko London, katika damu ya wagonjwa wenyewe. Hata ile iitwayo kingamwili ya GAD ilitokana na damu ya watoto waliokwisha kuugua. Vipimo hivyo vina nguvu: mtoto mwenye kingamwili mbili au zaidi, uwezekano wake wa kuugua ndani ya miaka 10 ni karibu asilimia 70. Lakini utafiti wa mwaka 2025 uliofanyika Uganda, Cameroon na Afrika Kusini ulikuta kuwa takriban asilimia 65 ya vijana wanaotibiwa kisukari hicho hawana kingamwili hizo kabisa. Huenda wengi wao wana ugonjwa mwingine, na panya NOD hana namna ya kutuonyesha.

Watetezi wake watasema hatuwezi kupasua kongosho la mtoto aliye hai, na kwamba wazo lililozaa dawa ya teplizumab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2022 kuchelewesha ugonjwa, lilipitia kwa panya hawa. Ni kweli, wala sitaki waondolewe maabara. Ila dawa hulenga utaratibu wa kinga ambao panya na binadamu wanafanana, ilhali kiashiria kazi yake ni kumtofautisha mtu na mwenzake, na panya wanaofanana wote hawana tofauti hiyo. Kila kiashiria kipya kipimwe kwanza kwenye damu ya wagonjwa wa Kampala na Yaoundé kabla ya kusifiwa. Kwa sasa, daktari anayepokea majibu yasiyo na kingamwili asiyachukue kuwa sababu ya kumkatizia mtoto insulini.