Kasha la Nywila la Familia Lisitegemee Mtu Mmoja

Familia nyingi za ughaibuni zina mtu mmoja anayeitwa "wa kompyuta". Ndiye anayejaza fomu za viza, anayemnunulia mama umeme kwa simu, anayejua nywila ya barua pepe ya baba. Akisafiri, akiugua au akifariki, ukoo mzima unabaki nje ya mlango.

Kwetu ilitokea mjomba alipofariki Muscat. Hati za kiwanja, mkataba wa mpangaji na risiti za ada za watoto zilikuwa kwenye barua pepe yake, na simu yake hakuna aliyeweza kuifungua. Matanga yaliisha siku ya tatu. Kuzihangaikia zile karatasi kulichukua miezi saba. Hapo ndipo sisi ndugu, tuliotawanyika nchi tatu, tulipokubaliana kuwa na kasha moja la nywila.

Kasha la nywila ni programu inayohifadhi nywila zako zote zikiwa zimefumbwa, wewe ukikariri moja tu, nywila kuu. Bitwarden, iliyoanza mwaka 2016, ni mojawapo. Unaweza kutumia seva zao, au ukaendesha yako. Wanaoendesha yao kwa ajili ya familia wengi hutumia Vaultwarden, seva nyepesi iliyoandikwa na watu wa kujitolea, isiyo rasmi, lakini inaelewana na programu zilezile za Bitwarden za simu na kompyuta. Sisi tumeiweka kwenye seva ndogo ya kukodi, kwa paundi chache kwa mwezi.

Kwa nini uwe na yako? Mwaka 2022 wezi waliingia LastPass wakanakili makasha ya wateja. Nywila zilikuwa zimefumbwa, ila anwani za tovuti ambazo wateja walizitumia hazikufumbwa. Watu wengi wakaanza kufikiria kujitegemea. Lakini kujitegemea kunaleta swali lake: seva ikizimika, nani yuko zamu?

Mimi ni muuguzi. Nikiwa wodini kwa saa 12, simu yangu iko kabatini. Mdogo wangu aliye Sharjah hawezi kunisubiri nitoke ndipo aingie kwenye akaunti ya hospitali anakotibiwa mama. Wodini hakuna anayeondoka bila kukabidhi zamu: mgonjwa yupi, dawa gani, saa ngapi, nini cha kuangalia. Na makabidhiano hayo huandikwa, kwa sababu kichwa kilichochoka husahau. Seva ya familia nayo inahitaji makabidhiano ya namna hiyo.

Hapa ndipo inapoingia Ansible. Ilianzishwa na Michael DeHaan mwaka 2012, na jina lake lilibuniwa na mwandishi wa hadithi Ursula K. Le Guin kwa chombo cha kuwasiliana papo hapo hata watu wakiwa mbali kiasi gani. Sisi wa ughaibuni jina hilo tunalielewa. Kazi yake ni hii: badala ya kukaa mbele ya seva ukiandika amri moja baada ya nyingine, unaandika kwenye faili la kawaida hali unayotaka seva iwe nayo. Ansible inaendeshwa kwenye kompyuta yako, inaingia kwenye seva kwa njia salama ya SSH, inakagua kilichopo na kurekebisha kilichopungua. Maelekezo yakiandikwa vizuri, ukiyaendesha tena kesho hayaharibu kitu. Yanakuta kila kitu mahali pake na kukiacha.

Wengi hudhani faida yake ni kuokoa muda. Kwa familia faida kubwa ni kwamba maarifa yanatoka kichwani mwa mtu mmoja na kuwa maandishi ambayo mwingine anaweza kuyasoma na kuyaendesha.

Faili letu linaagiza mambo haya. Seva ifunge milango yote ya mtandao isipokuwa ile michache inayohitajika. Ijisasishe yenyewe kwa masuala ya usalama. Vaultwarden iwekwe kwa namba ya toleo iliyotajwa, si "lolote lililo jipya", ili tunapobadilisha toleo tujue tumebadilisha nini. Usajili wa watu wapya ufungwe baada ya ndugu wote kuingia. Mbele yake ikae programu ya Caddy, ambayo inachukua cheti cha usalama cha Let's Encrypt na kukihuisha yenyewe, maana vyeti hivyo kwa kawaida hudumu siku 90 tu. Na kila usiku ichukuliwe nakala rudufu, ifumbwe, ipelekwe nje ya seva.

Kuhusu nakala, zingatia jambo moja. Vaultwarden kwa kawaida huweka data kwenye hifadhidata ya SQLite. Kunakili faili lake wakati seva inaliandikia kunaweza kukupa nakala mbovu. Tumia amri ya nakala ya SQLite yenyewe, kisha chukua na viambatisho pamoja na funguo za seva. Maelekezo ya Ansible bila nakala ya data yatakujengea nyumba tupu.

Sasa mtego mkubwa. Maelekezo yana siri ndani yake, mfano nywila ya mahali nakala zinapohifadhiwa. Ansible ina chombo kiitwacho Ansible Vault cha kuzifumba siri hizo, nacho kinafunguliwa kwa nywila yake. Usiiweke nywila hiyo ndani ya kasha peke yake. Siku seva ikifa, ufunguo wa kuijenga upya utakuwa umefungiwa ndani ya sanduku lililopotea. Yetu imeandikwa kwenye karatasi, ndani ya bahasha mbili, kwenye nyumba mbili, nchi mbili.

Kisha lifanyike zoezi. Mara mbili kwa mwaka mdogo wangu anakodi seva mpya tupu, anaendesha maelekezo, anarudisha nakala ya jana, anaingia na kuangalia kama nywila zake zipo. Mimi hairuhusiwi kumsaidia. Mara ya mwisho alimaliza kwa dakika 40, kisha seva ya majaribio ikafutwa. Zoezi kama hili ndilo linaloibua yale ambayo hayamo kwenye faili lolote: jina la tovuti limelipiwa wapi, kwa kadi ya nani, na linaisha lini.

Seva ikizimika kwa muda, msihamanike. Programu zilizo kwenye simu hubaki na nakala iliyofumbwa, na aliyekuwa ameshaingia anaweza kuendelea kusoma nywila zake. Na kwa siku ya msiba kuna kipengele cha ufikiaji wa dharura: unamteua ndugu, yeye anaomba, na usipomkatalia ndani ya muda uliouweka, kati ya siku 1 na 90, anafunguliwa. Mama tumemwekea siku 1. Sisi wengine tumeweka 7.

Nywila kuu yenyewe iwe maneno kadhaa yasiyohusiana. Wataalamu wa usalama wa mtandao wa serikali ya Uingereza hushauri maneno matatu ya kubahatisha. Msitumie methali. "Haraka haraka haina baraka" kila Mswahili anaijua, na mwizi anaweza kuwa Mswahili.

Niseme na hili wazi: si kila familia inahitaji seva yake. Kama kwenu ni mtu mmoja tu anayeweza kuendesha faili la maelekezo, tumieni huduma ya kawaida ya kasha la nywila na mweke ufikiaji wa dharura leo. Mtakuwa salama kuliko kutegemea seva yenye mlezi mmoja. Wanafunzi mnaosoma kompyuta, hii ni kazi nzuri ya kuwafanyia wazazi wenu, kwa sharti kwamba msiwe peke yenu mnaoijua.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, pigeni simu ya familia na mjibu swali moja: mtu wa pili ni nani? Akipatikana, mwandikie yeye maelekezo, kwa lugha anayoielewa. Asipopatikana, bado hamjawa tayari kuwa na seva.