Binadamu si Gari la Kujazwa Mafuta



Wapendwa waamini, na wewe ndugu msomaji unayefuatilia tafakari hizi kila juma, leo nawaalika tutazame jambo ambalo kwa mtazamo wa haraka laweza kuonekana dogo. Ni desturi ya watu wenye afya njema, wenye meno kamili na wenye uwezo wa kupata chakula, kuacha kula na badala yake kuishi kwa kunywa unga uliokorogwa katika maji. Sitapindisha maneno. Nasema kwamba desturi hii inampunguzia mwanadamu hadhi yake, na kwamba wanaoisifu kuwa ni maendeleo wanatuuzia utumwa ndani ya chupa.

Tuanze na historia, ili tusiseme tusiyoyajua. Mwaka 1959 kampuni ya Mead Johnson ya Marekani ilianza kuuza kinywaji kilichoitwa Metrecal, ambacho mtu alikunywa glasi nne kwa siku, jumla ya kalori 900, ili apunguze unene. Mwaka 1977 kikafuata kinywaji cha SlimFast. Hivyo vyote vilikuwa vya kupunguza mwili, na aliyevinywa alitarajia siku moja kurudi kwenye sahani yake. Lakini mwaka 2013 kijana mmoja mhandisi huko California, Rob Rhinehart, alitangaza katika intaneti kwamba amekaa siku 30 bila kula chakula, akiishi kwa mchanganyiko alioukoroga mwenyewe. Yeye hakuwa akitafuta kupungua. Alichokuwa akikitafuta ni kuondokana na usumbufu wa kununua chakula, kupika na kuosha vyombo. Aliuita mchanganyiko wake Soylent, jina alilolitoa katika riwaya ya Harry Harrison ya mwaka 1966. Na katika filamu ya mwaka 1973 iliyotokana na riwaya hiyo, chakula chenye jina la namna hiyo hugunduliwa kuwa kimetengenezwa kwa maiti za watu. Mzaha huo haukuwazuia wateja. Umma ulichanga zaidi ya dola milioni moja kwa kuagiza mapema, na mwaka 2015 wawekezaji wakamwaga dola milioni 20. Mwaka huohuo huko Uingereza ikazaliwa Huel, ambayo jina lake limeunganishwa kutokana na maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya binadamu na mafuta ya mtambo. Hapo ndugu msomaji huna haja ya mfasiri. Wametuambia wenyewe wanavyotuona: wewe ni gari, na chupa ni kituo cha mafuta.

Sasa tuzipime hoja zao.

Kwanza, wanasema kwamba sayansi imekwisha kujua kila kitu ambacho mwili unahitaji, kwa hiyo yatosha kuvikusanya vitu hivyo katika kopo moja. Hoja hii si mpya, na imewahi kugharimu maisha ya watu. Mji wa Paris ulipozingirwa na majeshi ya Prussia mwaka 1870 hadi 1871, maziwa yaliadimika, na baadhi ya wataalamu wakajaribu kuunda maziwa ya bandia kwa kuchanganya vitu vilivyojulikana wakati ule. Watoto wachanga hawakunusurika kwa maziwa hayo. Mwanakemia Jean-Baptiste Dumas aliandika juu ya mkasa huo mwaka 1871, akiwaonya wenzake kwamba ndani ya maziwa kuna vitu ambavyo kemia ilikuwa haijavitambua. Ikapita miaka mingine 41 ndipo Casimir Funk alipobuni neno vitamini, mwaka 1912. Hata huyu mhandisi wa California alisahau kuweka madini ya chuma katika mchanganyiko wake wa kwanza, na moyo wake ukaanza kwenda mbio, ndipo akatambua kosa lake. Na mwezi Oktoba mwaka 2016 kampuni yake ililazimika kusimamisha uuzaji wa bidhaa zake mbili baada ya wateja kulalamikia matumbo. Simdhihaki mtu, wala siipuuzi sayansi, kwa maana akili ni zawadi ya Mungu. Nasema tu kwamba orodha ya virutubisho ni orodha ya yale tuliyokwisha kuyajua, na mahindi, maharage na mchicha havijawahi kusubiri sisi tuyajue yote ndipo vitulishe.

Pili, wanasema kwamba vinywaji hivi vinaponya. Hapa yafaa tuwe waadilifu na kutenganisha mambo. Mgonjwa asiyeweza kumeza analishwa kwa mrija, na hilo ni tendo la huruma. Mtoto mwenye utapiamlo mkali anapewa mchanganyiko wa karanga uliobuniwa Ufaransa mwaka 1996, nao umeokoa watoto wengi Afrika. Tena, mwaka 2017 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanyika Uingereza kwa wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili wapatao 306. Nusu yao waliwekwa, chini ya uangalizi, katika mpango wa kunywa vinywaji vya kuchukua nafasi ya mlo kwa miezi mitatu hadi mitano, na baada ya mwaka mmoja asilimia 46 ya hao kisukari chao kilikuwa kimetulia bila dawa. Habari hizo ni njema, wala sizifichi. Lakini angalieni jinsi waganga hao walivyofanya: baada ya miezi hiyo waliwarudishia wagonjwa chakula cha kawaida, hatua kwa hatua, wakiwafundisha upya namna ya kula. Kwa mganga wa kweli kinywaji ni gongo la kumsaidia aliyevunjika mguu, na lengo la gongo ni siku ya kuliweka chini. Wale ninaowapinga wanamwendea mtu mwenye miguu mizima na kumshawishi kwamba kutembea ni ushamba.

Kwa sababu hiyohiyo nawasihi muwe macho na wale wanaozunguka mitaani na makopo ya unga wakimwahidi mgonjwa wa kisukari au wa shinikizo la damu kwamba atapona na kutupa dawa zake. Utafiti nilioutaja ulifanywa chini ya uangalizi wa wahudumu wa afya. Muuza kopo hakupimi, na ukizidiwa hatakulaza.

Tatu, na hii ndiyo hoja yao kubwa, wanasema kwamba tunaokoa muda. Hapa naomba tuulize swali ambalo wauzaji hawapendi kuulizwa: muda huo ukishaokolewa unakwenda kwa nani? Je, aliyeacha kula mchana ameutumia muda wake kumtembelea mgonjwa? Ameketi na wanawe? Kwa wengi, muda huo unarudi kulekule ulikotoka, katika meza ya kazi na mbele ya kompyuta. Mfanyakazi anameza chupa yake bila kuinuka kitini, na mwajiri hana sababu ya kumkataza, kwa maana amepewa bure saa moja ambayo wafanyakazi wa vizazi vilivyotangulia waliipigania kwa jasho. Leo unainywa saa hiyo kwa hiari yako na kujiona mtu wa kisasa. Kesho jirani yako anayetaka kuketi na kula ataonekana mvivu.

Najua kuna dada atakayenijibu: "Padre, wewe hupiki, unapikiwa. Njoo ukae jikoni kwangu ukiwa umetoka kazini saa kumi na mbili, halafu unihubirie uzuri wa kupika." Dada huyo ana haki ya kusema hivyo, na jibu langu si la kumnyamazisha. Mzigo wake ni wa kweli. Lakini mzigo wa jiko ni mzito kwa sababu umebebeshwa mtu mmoja, na dawa yake ni kuugawa. Baba wa familia aliyeketi sebuleni akitazama mpira ana mikono miwili. Kijana wa kidato cha nne aweza kuchambua mchele. Tukifika mahali pa kusema kwamba ni afadhali familia nzima inywe unga kuliko baba kuosha sufuria, basi ugonjwa wetu si ukosefu wa muda.

Wengine watauliza, "Padre, mbona Kanisa lenyewe linatufundisha kufunga?" Naam, linatufundisha. Lakini anayefunga Jumatano ya Majivu au Ijumaa Kuu anakiacha kitu anachokithamini, kwa muda, ili ampe Mungu nafasi na maskini fungu lake. Na mwisho wa Kwaresima ni karamu ya Pasaka. Huyu wa chupa anakiacha kitu anachokidharau, na mwisho wa kuacha kwake hauna sikukuu yoyote. Tena tukumbuke kwamba Bwana wetu, alipotaka kubaki nasi, alitwaa mkate na divai, vitu vilivyokwisha kupita katika mikono ya mkulima, ya msagaji na ya mwokaji, akavitoa mezani, kati ya rafiki zake. Wale wafuasi wawili wa Emau walitembea naye njia nzima wasimtambue, wakamtambua alipoumega mkate.

Jambo la mwisho ninalotaka kulisema linahusu neno moja tu la lugha yetu. Katika nyumba zetu, hata zile zenye sufuria moja, mtu akipita wakati wa chakula huambiwa "Karibu!" Huenda asile. Huenda akajibu kwamba ameshiba, naye hajashiba. Lakini neno limesemwa, naye amejua kwamba ana nafasi katika sinia lile. Jaribuni sasa kumwambia mtu "karibu" mkiwa na chupa mdomoni. Chupa ina kipimo cha mtu mmoja. Imekokotolewa kwa gramu, na haina tonge la ziada la mgeni. Wahenga walisema kizuri kula na nduguyo, na chupa hii imetengenezwa ili ndugu asiwepo. Hilo ndilo linalonitisha kuliko upungufu wowote wa vitamini, kwa sababu kwetu sisi mtoto hujifunza mezani kusubiri zamu, kumwachia mdogo wake mnofu, kumnawisha mgeni mikono na kushukuru. Masomo hayo hayana unga wake dukani.

Kwa hiyo, wapendwa, naomba mambo matatu. Kila familia ichague angalau mlo mmoja kwa siku ambao wote watakula pamoja, simu zikiwa zimewekwa kando, hata kama ni ugali na dagaa. Ninyi mlio waajiri, linda saa ya chakula ya wafanyakazi wenu kama mnavyolinda mali zenu, na yule msichana wa kazi aketi na kula kama mtu. Na ninyi viongozi wa jumuiya ndogondogo, watafuteni wazee wanaoishi peke yao, ambao huacha kupika kwa sababu hakuna wa kula naye. Mmoja wao akipata mwenzi wa kula naye Dominika hii, juma letu halitakuwa limepita bure.

Mungu aliyetupa njaa alitupa pia majirani. Nawatakieni Dominika njema, na chakula chema mezani.

Ni mimi Padre wenu.