Mahali Pasipo na Fundi

Kila nikianza kusoma hadithi fupi mpya kuhusu kijiji kilichopata sola, najua itaishia wapi. Taa inawaka, mtoto anafungua daftari, bibi anajifuta chozi kwa ncha ya kanga, giza limekwisha. Jamani, nimechoka. Siyo kwamba taa haiwaki. Inawaka, na mtoto anasoma kweli, na moshi wa kibatari unapungua puani. Lakini hadithi inakatika pale ambapo mambo ndiyo kwanza yanaanza. Njoo mwaka wa pili uone: betri imekufa, imewekwa mlangoni kuzuia upepo, paneli iko juu ya bati inachomwa na jua bure, na kibatari kimerudi mezani. Hilo haliandikwi, kwa sababu halina chozi la bibi.

Mimi nadai hivi, na atakayekasirika akasirike: kitabu ambacho vijiji vyetu vinakihitaji sasa hivi kuliko riwaya yako, na kuliko diwani yangu iliyokwama kwenye droo, ni kijitabu cha kurasa themanini kinachoeleza jinsi ya kufunga na kutunza sola ya nyumbani, kwa Kiswahili kilichonyooka. Vipeperushi vipo, sikatai. Vya kampuni, vya miradi, vimetafsiriwa haraka haraka na mtu asiyewahi kushika bisibisi. Kitabu, kile unachokifungua usiku kukiwa na shida na kikakujibu, mimi sijakutana nacho. Na lawama siwapi mainjinia. Mainjinia walisoma kwa Kiingereza na wanafikiri kwa Kiingereza. Kuandika ni kazi tuliyosema ni yetu.

Fungua boksi la kontrola ya chaji kutoka dukani, yale yanayouzwa pamoja na paneli ya watt 50 na betri ya N70. Ndani kuna karatasi moja iliyokunjwa mara sita: Kiingereza upande huu, Kichina upande ule. Karatasi hiyo inasema jambo muhimu sana, kwamba uunganishe betri kwanza, ndipo uunganishe paneli, kwa sababu kontrola inahitaji kuijua betri kabla ya kupokea moto wa juani. Paneli tunayoiita ya volti 12 inaweza kutoa volti 17 au zaidi jua likiwa kali. Ukiipeleka moja kwa moja kwenye betri, unaipika. Fundi wa kijijini aliyejifunza kwa kuangalia hajui sababu. Anajua tu kwamba nyingine zilikufa na nyingine hazikufa. Karatasi inatupwa jalalani, au watoto wanaifanyia ndege.

Halafu kuna maji ya betri. Hapa ndipo mtu wa fasihi anapaswa kusimama na kusikiliza, maana ni suala la neno tu. Betri ya maji, ile ya risasi na asidi, hupungua maji kadiri inavyochajiwa, na inatakiwa iongezwe maji yaliyotoneshwa, yaani maji matupu yasiyo na chumvi wala madini. Asidi huwa haiongezwi. Iliwekwa mara moja betri ikiwa mpya. Sasa nenda dukani kwenye senta yoyote uombe "maji ya betri". Unaweza kupewa chupa ya maji, unaweza kupewa chupa ya asidi, na zote mbili muuzaji anaziita jina hilohilo. Kijana anarudi nyumbani, anajaza asidi, anajisifu. Baada ya miezi michache bati za ndani zimeliwa. Mnyumbulisho wa vitenzi tumeubishania miaka mingi, tumekaa kwenye makongamano tukabishana kama shairi huru ni shairi, na jina moja kwa vitu viwili linaua betri za watu na hatuna habari.

Watt nazo. Mtu akisema "nina sola ya watt 50" anadhani ameeleza umeme alionao. Ameeleza upana wa mdomo wa mtungi tu, hajasema mtungi una maji kiasi gani. Jua zuri la saa tano hivi kwa siku, paneli hiyo itakupa kwenye karatasi watt 250 kwa saa moja, na kiuhalisia pungufu, kwa sababu vumbi, waya mwembamba na joto vinakula. Pasi ya umeme ya watt 1000 ingezimaliza zote kwa robo saa. Ndiyo maana jirani anayechomeka pasi kwenye inveta halafu analalamika kwamba sola ni utapeli, hajatapeliwa. Hajaambiwa. Na hata hizo 250 asizitumie zote: betri ya aina hii ukiishusha chini ya nusu kila usiku, unaifupishia maisha mwenyewe. Jambo hili lingetosha methali, na methali hiyo haipo.

Mambo mengine ni mepesi na yangeeleweka kwa ukurasa mmoja. Sisi Tanzania tuko kusini mwa ikweta, kwa hiyo paneli ielekezwe kaskazini, iinamishwe kidogo ili mvua iioshe. Tawi la mwembe linalotia kivuli pembe moja tu linaweza kushusha umeme wa paneli nzima. Kata tawi.

Najua wapo watakaosema tatizo la kwanza ni istilahi, na watanipa neno: umemejua. Zuri, limeundwa kwa ustadi, halina mtu. Kijijini watu wanasema sola, wanasema kontrola, wanasema inveta, na maneno hayo yana ngeli na yananyambulika kinywani mwa mafundi bila kibali cha yeyote. "Inveta imekula moto" ni Kiswahili safi. Msamiati upo kwa fundi anayekaa chini ya mwarobaini na mita yake ya kupimia. Kinachokosekana ni mtu wa kukaa naye na daftari.

Na mikataba, nayo ni maandishi. Mama yangu mdogo alichukua sola ya kulipa kidogo kidogo kwa simu kutoka kampuni moja ambayo sitaitaja. Ukilipa, unatumiwa namba za kufungulia. Usipolipa, mtambo unajifunga wenyewe. Kipindi cha kusubiri mavuno, hela ikakata, taa ikajifunga. Paneli iko juu ya paa lake, jua liko juu ya paneli, na ndani giza. Aliniuliza kwa simu, "Kwani jua nalo linalipiwa, mwanangu?" Nikamwomba anisomee mkataba. Alikuwa nao, ameutunza kwenye sanduku pamoja na cheti cha ndoa. Ulikuwa wa Kiingereza, na alikuwa ameweka dole gumba kila ukurasa. Sipingi ulipaji wa kidogo kidogo. Bila huo asingepata taa kabisa, maana nani kijijini ana hela ya kulipa mara moja? Napinga mtu kutia dole kwenye ukurasa ambao hata mtoto wake aliyefika darasa la saba hawezi kumsomea. Hapo mwandishi wa Kiswahili alikuwa wapi? Alikuwa anaandika chozi la bibi.

Rafiki yangu mmoja, mshairi, alinijibu kwamba nachanganya fasihi na vitabu vya mafundi, na kwamba Shaaban Robert hakuandika namna ya kuchimba choo. Basi tuliangalie lile gazeti la Mambo Leo, lililoanza 1923 na ambalo mashairi ya Shaaban Robert mwenyewe yalichapwa humo. Lilikuwa gazeti la serikali ya kikoloni, na lina mengi ya kulaumiwa, lakini shairi na makala ya kilimo vilikaa pamoja bila kuoneana haya. Choo nacho kiliandikwa. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu wazima vikundi vikundi kote nchini, redio katikati, vijitabu mkononi, vyoo vikachimbwa. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Na *Mahali Pasipo na Daktari*, tafsiri ya kitabu cha David Werner? Kuna riwaya ngapi za Kiswahili mnazozijua ambazo mtu aliwahi kuzifungua usiku wa manane kwa sababu mtoto anaungua homa?

Wengine watasema kijijini hawasomi. Kinyasini, Unguja, kipo kituo ambapo akina mama wa vijijini, wengi wao hawakusoma sana, wanafundishwa kuunganisha na kutengeneza sola kwa rangi, kwa picha na kwa mikono. Wanarudi kwao wakiwa mafundi. Mbinu hiyo ilitoka Tilonia, India, ambako mafunzo yalichukua miezi sita. Wao walipewa miezi sita na mwalimu pembeni. Mama aliyenunua boksi mnadani alipewa karatasi ya Kichina. Na rangi na picha nazo zinahitaji mtu wa kuzipanga kwa akili, aamue nini kitangulie, asirukie hatua. Hiyo ndiyo kazi ya msimuliaji tangu enzi za bibi zetu.

Kwa hiyo nina jina la kitabu tayari, *Mahali Pasipo na Fundi*, na sina hakimiliki nalo. Mwenye nguvu alichukue. Akae na mafundi wawili watatu msimu mzima, popote nguzo za umeme hazijafika, aandike wanavyosema. Aanze na sura ya maji, tukubaliane ni chupa ipi inayoitwa maji ya betri na ile nyingine iitwe asidi.