Kalamu ndani ya soketi
Na Mpita Njia

Anayefunga mizigo kwa safari yake ya kwanza ya Marekani hakosi ndugu wa kumwonya: "Chaja hiyo iache, umeme wa kule si wetu, utaunguza simu." Ndugu huyo ana nusu ya ukweli. Umeme wa kule kweli si wetu. Tanzania hutumia volti 230, Kenya na Oman 240, Marekani na Kanada 120, na Japani imebaki na 100 zake. Lakini simu haitaungua, na sababu imechapwa kwenye kichwa cha chaja yenyewe, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa: 100–240V, 50/60Hz.

Maana yake ni kwamba chaja inapokea umeme wowote ulio kati ya namba hizo. Ndani ya kile kichwa umeme wa ukutani kwanza hunyooshwa, ukaacha kwenda mbele na nyuma, kisha swichi ya kielektroniki huukatakata maelfu ya mara kwa sekunde na kuupitisha kwenye transfoma ndogo kama kete ya bao. Ukutani volti zikiwa chache, swichi huruhusu umeme upite kwa muda mrefu kidogo kila mara. Zikiwa nyingi, hufupisha. Simu yenyewe huonja volti 5 tu, au 9 na kuendelea kama ni chaji ya haraka. Haijui kama iko Tokyo au Tanga.

Vyombo visivyojua kujirekebisha ndivyo vya kuogopwa, na safari yao mara nyingi huwa ya kurudi. Shangazi anatua kutoka Marekani na zawadi: draya ya nywele ya wati 1,500 iliyoandikwa 120V. Ikichomekwa kwenye volti 230 za Dar es Salaam hutaka kuvuta karibu mara nne ya kiwango chake, zaidi ya wati 5,500, na sherehe inaishia kwenye moshi. Ekstensheni ya Marekani yenye kinga ya umeme mwingi nayo ni hivyo hivyo, kwa sababu kwake volti 230 ni hatari ile ile iliyotengenezwa kuizuia. Hata mahujaji wana lao. Saudi Arabia hutumia hezi 60, yaani mapigo 60 ya umeme kwa sekunde, na sisi 50, kwa hiyo saa ya mezani inayohesabu muda kwa mapigo ya umeme, ikiletwa nyumbani, itachelewa dakika 10 kila saa moja.

Vurugu hii yote haikupangwa na mtu. Thomas Edison alipowasha mitambo yake ya Pearl Street, New York, mwaka 1882, alitumia volti 110, na Marekani ikakua ikizunguka namba hiyo. Berlin ilihamia 220 mwaka 1899, kwa kuwa volti zikipanda, waya ule ule wa shaba hubeba nguvu zaidi, na Ulaya ikafuata. Kichekesho kikubwa kiko Japani. Tokyo ilinunua mitambo ya Kijerumani ya hezi 50 mwaka 1895. Osaka, mwaka mmoja baadaye, ikanunua ya Kimarekani ya hezi 60. Mpaka kati ya hezi hizo mbili ungalipo hadi leo, karibu na mto Fuji. Mitambo ya Fukushima ilipoharibika mwaka 2011, Tokyo ilikatiwa umeme kwa zamu, na magharibi ya nchi ile ile ikawa na umeme isioweza kuuvusha ila kidogo.

Chaja ya simu inapita katikati ya historia hiyo bila kutoka jasho. Kinachomshinda msafiri ni pini.

Na hapo safu hii ina neno na watu wa nyumbani. Soketi yetu ya matundu matatu ya mstatili ni ya Kiingereza, ya mwaka 1947. Walioichora walikuwa na watoto akilini: matundu mawili ya chini yamefungwa kwa vifuniko vya ndani, na pini ndefu ya juu, ambayo mafundi huiita ya ethi, ndiyo ufunguo. Sasa tazama kinachofanyika mtaani. Simu inauzwa na chaja ya pini mbili za duara, isiyo na ufunguo. Mwenye simu anachukua kalamu, au kijiti, au (Mungu amwepushe) msumari, anausukuma kwenye tundu la juu, vifuniko vinafunguka, chaja inaingia. Inaingia, lakini haishiki. Pini za duara hucheza kwenye nafasi iliyotengenezewa pini za mstatili. Mguso ulegevu huleta joto, joto huleta cheche, na plastiki huanza kuwa ya kahawia. Mtoto wa miaka minne amekaa pembeni anajifunza.

Uingereza yenyewe ilifunga mlango huo kwa sheria ya mwaka 1994: kifaa cha nyumbani kiuzwe kikiwa na plagi inayolingana na soketi za nchi. Kampuni za simu zinazijua nchi hizi vizuri kabisa, na zinajua pini zetu. Kuachia kalamu ifanye kazi ya plagi ni dharau, na wanaoruhusu bidhaa kupita bandarini wanaweza kuikomesha.

Kuna jambo baya kuliko hilo. Yale maandishi ya 100–240V yana ukweli sawa na wa aliyeyachapa. Mwaka 2016 taasisi ya UL, inayopima usalama wa vifaa, ilijaribu chaja 400 feki zilizojifanya za Apple. Zilizopita zote zilikuwa 3. Kati ya zilizofeli, 12 zilikuwa zimetengenezwa ovyo kiasi cha kuweza kuua mtu. Chaja halali huacha nafasi ya milimita kadhaa kati ya upande wa ukutani na upande wa simu. Feki huibana nafasi hiyo, na siku kinga ikikatika, umeme wa ukutani hufika kwenye kiganja.

Kwa hiyo anayesafiri abebe chaja iliyokuja na simu, na adapta ya pini. Adapta hubadilisha umbo tu, haigusi volti, na nyingi za bei rahisi hazina ethi wala fyuzi; zinatosha kwa simu, hazitoshi kwa birika la umeme.

Ulaya imekubaliana juu ya tundu dogo: tangu Desemba 2024 simu mpya zinazouzwa huko sharti zichajiwe kwa USB-C. Juu ya tundu kubwa la ukutani, umoja ulijaribiwa mwaka 1986 kwa muundo mmoja wa kimataifa. Brazil na Afrika Kusini ndizo zilizouchukua, na Brazil nayo ikaubadilisha kidogo.

Mfanyabiashara wa Kariakoo akitua Dubai hakuti kigeni chochote. Volti ni zile zile, matundu ni yale yale matatu. Anatoa chaja yake ya pini mbili za duara na kuangaza macho chumbani. Mezani, juu ya karatasi yenye nembo, hoteli imemwekea kalamu.