Programu ya Mishahara Haimlipii Mtu NSSF

Wenye biashara ndogo wengi hapa Kenya wanaamini kwamba ukishalipia programu ya uhasibu na mishahara, umemalizana na hesabu na umemalizana na mamlaka ya kodi, KRA, na yule mhasibu aliyekuwa akija mwisho wa mwezi unaweza kumwambia asije tena. Imani hiyo ni ya hatari, na wa kwanza kuumia si mwenye biashara.

Chukua mpishi wa hoteli ya mtaani anayelipwa shilingi 30,000. Anakatwa 1,800 za akiba ya uzeeni ya NSSF, 825 za bima ya afya ya SHIF na 450 za ushuru wa nyumba. Tangu mwisho wa Desemba 2024, makato hayo yote huondolewa kwanza ndipo kodi ya mapato ikokotolewe. Programu ambayo haikurekebishwa inamtoza kodi hata kwenye zile 1,275 za SHIF na nyumba, na hapo anapoteza pesa kila mwezi. Hati ya mshahara inatoka safi, ina nembo ya hoteli, na hakuna anayeshtuka.

Na sheria zenyewe hazitulii. Ushuru wa nyumba ulianza Julai 2023, Mahakama Kuu ikauharamisha Novemba, ukasitishwa Januari 2024, ukarudi Machi kwa sheria mpya. Oktoba mwaka huohuo bima ya afya ya zamani, NHIF, ikaondoka, SHIF ikaingia. Viwango vya NSSF navyo vimekuwa vikipanda Februari baada ya Februari. Nani anayesoma haya na kuingia kwenye programu kuhakikisha yamebadilishwa? KRA ikija, itamdai mwajiri, si aliyemuuzia programu.

Lakini kinachoniuma zaidi ni pesa zisizofika. Programu inakata na kuchapisha, basi. Kuzituma kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata ni kazi ya mtu, na mtu huyo siku hiyo anadaiwa na mwenye unga, na stima imebaki kidogo. Anazichukua zile za NSSF na SHIF, anajiambia atafidia mwezi ujao. Mwezi ujao una shida zake. Mpishi anampeleka mtoto hospitalini akiwa na hati inayoonyesha amekatwa 825, anaambiwa kwenye dirisha kwamba michango yake haijalipwa. Anarudi kumuuliza mwajiri, naye anafungua kompyuta na kumwonyesha kwamba amekatwa. Kukatwa anakujua! Pesa hizo ni jasho lake, hazikuwa za hoteli hata siku moja.

Sipingi programu. Daftari hulowa mchuzi, huibwa, na kwa zama hizi za ankara za kielektroniki za eTIMS halitoshi tena. Ninachopinga ni kumfuta kazi aliyekuwa akiuliza maswali, kisha kutegemea mashine isiyouliza.

Kwa hiyo mhasibu arudi, hata kwa nusu siku kwa mwezi, alinganishe makato na risiti za malipo kabla ya tarehe 9. Mfanyakazi naye asiridhike na karatasi. Aangalie akaunti yake ya NSSF kwenye simu, na asipoona mchango wa mwezi uliopita, aulize siku hiyohiyo, akiwa na wenzake.