Neno kwa Wazazi: Barafu Si Ardhi

Wazazi wapendwa, siku hizi wengi wetu tunaye mtoto au ndugu huko Kanada, Marekani au Ulaya. Tukizungumza naye twamwonya juu ya ulevi na marafiki wabaya. Ni vyema. Lakini iko hatari moja ambayo hatukumfundisha, kwa kuwa vijijini kwetu haipo: ziwa lililoganda.

Wakati wa baridi kali maji ya juu huwa magumu kama sakafu. Chini yake maji hubaki maji, kwa maana barafu ni nyepesi nayo huelea. Wenyeji hutembea juu yake na kuvua samaki. Mgeni akiwaona hudhani barafu yote ni sawa. Sivyo! Wenyeji wenye busara huitoboa kwanza na kuipima. Idara ya Maliasili ya jimbo la Minnesota, Marekani, yafundisha kwamba mtu asiikanyage barafu isiyofika unene wa inchi 4, yaani sentimita 10, tena iwe mpya na angavu. Barafu nyeupe ina nusu tu ya nguvu hiyo. Na penye mkondo wa maji au chini ya daraja, msiiamini.

Desemba 2022, katika ziwa la Babbs Mill, Solihull, Uingereza, wavulana wanne walizama barafu ilipovunjika. Mkubwa wao alikuwa na miaka 11. Wote walikufa.

Je, aliyetumbukia afanyeje? Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, ambaye amejitia mwenyewe mara nyingi katika maji ya baridi ili kuyachunguza, afundisha hivi: dakika 1 ya kwanza tuliza pumzi, kwa dakika kama 10 mikono na miguu bado yakutii, na yaweza kupita saa 1 kabla ya kuzimia kwa baridi. Basi usikate tamaa. Geukia ulikotoka, kwa kuwa barafu ya huko ilikubeba. Weka mikono juu yake, piga miguu kwa nguvu, ujisukume mpaka utoke. Ukiisha kutoka usisimame. Jiviringishe mpaka ufike salama.

Na aliye ukingoni je? Hapa ndipo moyo mwema huua. Sisi tumezoea kumkimbilia mwenzetu akizama. Lakini barafu iliyovunjika chini ya mmoja itavunjika na chini ya wa pili. Abaki nchi kavu, apige simu 911 akiwa Marekani au Kanada, 999 akiwa Uingereza, 112 akiwa mahali pengine pa Ulaya. Kisha amtupie kamba, au amnyoshee ngazi au tawi refu.

Basi, wazazi, mtakapompigia simu mtoto wenu, msiishie kumwuliza kama ana koti zito. Mwambieni na neno hili: asikanyage ziwa lililoganda mpaka mwenyeji ajuaye amelipima, wala asiwaache wadogo wacheze peke yao karibu nalo.