Vuta N'kuvute na Jando la Lulindi
Filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021 imekata mengi ya Vuta N'kuvute, riwaya ya Adam Shafi, na msomaji ana haki ya kunung'unika. Mimi sioni hasara: Yasmin, binti aliyeozwa mzee, bado anakomaa mbele ya macho yetu, na Unguja ya ukoloni ipo. Hadithi ya kukua huvumilia mkasi, mradi mji wake usiguswe. Jando nalo ni hadithi ya kukua, basi Lulindi nayo inastahili riwaya na filamu yake, huko Masasi, mkoani Mtwara, ambako Askofu Vincent Lucas wa UMCA, misheni ya Kianglikana, aliliingiza jando kanisani, sala zikachanganyika na mila. Watasema siri za jando hazianikwi. Kweli, kamera na ibaki njiani, imsubiri mwali arudi na nguo mpya. Waandishi wa Mtwara, kazi kwenu.